Kengele ya Lokori

Kama hukusoma wiki iliyopita, pole yako, lakini sitakuacha njiani. Sikiliza upesi.

Ekidor, fundi wa mawe wa hapa Bulla Pesa, alishikwa na kifua. Vumbi la mawe na saruji lilimkalia ndani mpaka daktari akamwambia achague moja, ama nyundo ama uhai. Akaacha nyundo. Kumbe nyundo ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Mtu wa miaka hamsini, mzee wa kanisa, akawa wa kulala akitazama ukuta aliojenga mwenyewe, uji unamgandia kwenye kikombe.

"Mama Kanana," alimwambia mkewe Karimi, "mimi nimekwisha. Usinisumbue."

Tulipoachana, rafiki yake Emuria wa Ngaremara, aliyechunga naye utotoni, alikuwa amefika mlangoni akivuta kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na ndama dume mwenye mabaka kama ya twiga.

Tangu siku hiyo nikipita sokoni nashikwa shati. Huyo ndama alikuwa wa nini? Sema! Ndugu zangu, hilo ndilo swali aliloliuliza Karimi pia. Laiti angejibiwa.

"Huyu ni wa nini, mzee Emuria?"

"Ni wa Ekidor," Emuria alisema. Akamfunga kwenye mgunga ulio nje ya ua, akanywa chai, akashika njia ya kwao.

Karimi ni Mmeru wa milimani. Kwao mtu akiugua, mwenye utu huleta mnyama wa supu. Akamshukuru Emuria moyoni, akaenda kumwinamia mumewe kitandani.

"Baba Kanana, tuite mtu amchinje lini?"

Ekidor hakuwa amecheka tangu aache kazi. Siku hiyo mabega yalimtikisika.

"Bado, mama. Huyu ni mtoto."

Basi, ni hayo tu. Angeongeza maneno machache pale pale, leo mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwaletea, na ningefurahi sana kukosa.

Wewe unayejua mambo ya Waturkana, nakuona umeshika kichwa. Tulia. Wengine hawajui, wacha niwaambie. Kwa Waturkana mwanamume huwa na dume wake mmoja wa moyoni. Humfunga kengele, humtungia wimbo, na watu humwita mtu huyo kwa jina la dume wake. Huyo si nyama. Huyo ni yeye mwenyewe, amesimama kwa miguu minne.

Utauliza, mke wa Mturkana miaka yote hiyo, asijue? Angejulia wapi? Ekidor aliingia mjini akiwa kijana, mikono mitupu. Ng'ombe wa kwao walikuwa wamechukuliwa na wavamizi, wote. Alikutana na Karimi kanisani, wakaoana kanisani, na habari za kwao akazifunga asizifungue tena. Tena alikuwa amesimama mbele ya vijana wa kanisa, mimi nikiwa nimekaa pale, akawaambia nyimbo za ng'ombe ni giza. Sasa angeanzia wapi kumwambia mke wake kwamba lile giza limefungwa kwenye mgunga nje ya nyumba, na kila akilitazama anatamani kuamka?

Akaamka. Ndiyo ajabu yenyewe.

Ndama anataka majani, na majani hayaji kitandani. Ekidor akaanza kumpeleka mtoni asubuhi, polepole, maana daktari alikuwa amemkataza kukimbia, akipumzika kila mahali penye kivuli. Kifua kikaanza kulegea. Uji ukawa hauachwi tena. Akampa ndama jina, Lokori, kwa sababu ya yale mabaka. Emuria akija na wenzake wakawa wanamwita Ekidor "Apalokori", yaani Baba Lokori, na Karimi akadhani ni utani wa wanaume.

Halafu jioni moja Karimi alikuwa anamenya viazi, akasikia mtu anaimba nje. Alidhani ni redio ya jirani. Akatoka na kisu mkononi.

Alikuwa mume wake. Amesimama mbele ya ndama, mikono juu, ameikunja kama pembe.

Karimi hakuwahi kumsikia mtu huyo akiimba. Hata kanisani alikuwa anamumunya maneno tu nyuma ya kitabu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unaimbia ng'ombe?"

"Naimbia."

"Umepata wazimu?"

"Labda," Ekidor alisema. "Lakini sijakohoa tangu asubuhi."

Karimi aliangua kicheko, na mumewe akacheka naye. Aliniambia mwenyewe kwamba alilia usiku wake kwa furaha, maana alikuwa ameshaanza kufikiria mambo ya jeneza.

Bulla Pesa hapana siri. Wanawake wa kuchota maji kwenye mfereji wakaanza kumcheka Karimi. "Mama Kanana, mke mwenza wako amelala salama?" Mchungaji naye akaja, amevaa sura ya mazishi.

"Mzee Ekidor, watu wanasema unaabudu ng'ombe."

"Mchungaji, naabudu Mungu Jumapili. Hii ng'ombe naimbia jioni. Mungu hana wivu na jioni yangu."

Wakamvua uzee wa kanisa. Yeye hakujali, aliyejali ni Karimi. Alinuna, akakaa wiki nzima akiweka chakula mezani kama anatupa. Lakini jamani, utanunia vipi mtu aliyefufuka? Jioni ikifika, mkono wenyewe unajaza birika. Anatia tangawizi, anatoa vigoda viwili, anakaa.

Hapo ndipo mikono yake ilipomwasha. Karimi alipokuwa msichana alikuwa fundi wa kusuka vyondo. Mama yake alimfundisha kusokota katani na kuitia rangi ya magome. Ndoa ikaja, mtoto akaja, viazi vya sokoni vikaja, na kazi hiyo akaisahau. Sasa mwanamke amepita arobaini na tano, anaketi chini ya mgunga, mume anaimba, mikono haina kazi. Akaenda akanunua katani.

Hakusuka kiondo. Alimsukia Lokori mkanda wa shingo, mweusi na mwekundu. Akaufumua mara nyingi kwa sababu dume alikuwa anakua na mkanda haumtoshi. Ekidor akaenda kwa Dullo mwenye duka, akarudi na kengele ya chuma, wakaifunga kwenye mkanda.

"Hayo maneno unayoimba ni nini?" Karimi aliuliza siku moja.

"Nasema mabaka yake ni kama kivuli cha mgunga saa sita. Nasema akitembea, hata ardhi inafurahi."

Karimi alisuka kidogo, akafikiri.

"Na macho yake je? Mbona umeacha macho? Sema macho yake ni ya mtu anayekupenda lakini hawezi kutamka."

Ekidor akamtazama mke wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akauingiza mstari ule kwenye wimbo, kwa Kiswahili vilevile alivyousema, katikati ya Kiturkana. Karimi, muuza viazi, akawa mtunzi. Aliniambia hakuna siku aliyowahi kujisikia mrembo kama siku hiyo, hata ya harusi.

Wimbo ule ulikuwa na mwisho wake. Ekidor alikuwa anapaza sauti, anaita, "Lokori, uko wapi?" Kisha anangoja. Na Lokori anatikisa kichwa, kengele inalia. Hakuwahi kukosa kujibu. Majirani waliokuwa wanacheka wakawa wanakuja na vikombe vyao kungoja kusikia kengele. Watu wanadhani raha ni ya vijana na pesa. Njoo uulize watu wa plot ile.

Haya. Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Ukitaka kuacha kusoma, acha hapa, maana hapa bado wana furaha.

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Lokori amekuwa dume mzima, mgongo unang'aa, kijana wa kumzuia lazima awe na nguvu. Emuria akatuma salamu kwamba wazee waliochunga pamoja na Ekidor wanataka kuja kusikia wimbo. Si kwa kupita njia. Kuja hasa, wakae, wasikilize. Ekidor hakuwahi kuuimba mbele ya watu wa kwao, na mtu mzima yule akawa kama bwana harusi. Akanyoa ndevu, akajikata, akanyoa tena.

"Naenda Ngaremara niwalete mwenyewe," alimwambia Karimi Ijumaa. "Kesho alasiri tuko hapa. Umwoshe Lokori vizuri. Umvalishe kengele."

"Niwapikie nini?"

"Chai. Wali na maharagwe. Hao si watu wa makuu."

"Maharagwe, Baba Kanana? Wazee watoke Ngaremara waje kula maharagwe kwangu?"

"Hawaji kula. Wanakuja kumwona."

Akaenda barabarani kungoja lori. Alipofika kwenye kona akageuka akapunga mkono, si kwa Karimi, kwa dume. Karimi akacheka peke yake.

Lakini alipobaki peke yake maharagwe yalimkaa rohoni. Wewe mwanamke unayesoma hapa unajua. Wageni wa mume, wazee wenye heshima zao, mara ya kwanza nyumbani kwako, na sufuria yako inanuka maharagwe. Wakirudi watasema nini? Watasema Ekidor alioa mwanamke mchoyo wa milimani.

Akakumbuka nyumbani kwa baba yake. Palikuwa na kondoo dume aliyefugwa ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha mama. Hakuenda malishoni kamwe. Aliletewa majani ya viazi vitamu mpaka mdomoni, aliitwa majina ya mapenzi, alipapaswa, watoto walimlalia. Kisha siku ya mgeni mkubwa ilipofika, aliogeshwa, na huyo ndiye aliyechinjwa. Mama alilia kila mara, na kila mara aligawa nyama kwa mikono miwili. Kwao kitu unachokipenda ndicho unachompa mgeni. Usichokipenda utampaje?

Karimi akamtazama Lokori chini ya mgunga. Amelishwa kwa mkono. Ameitwa majina. Ameimbiwa. Leo anaogeshwa, na kesho wazee wanakuja kwa ajili yake.

Kila kitu kikamkaa sawa kichwani, tena kikamkaa vibaya moyoni.

"Woi, baba," alimwambia dume. "Kumbe siku yenyewe ndiyo imefika. Na yule mzee ameshindwa kunitamkia, ameniachia mimi."

Alimwosha huku analia. Alimsugua mabaka moja moja. Kama ni kosa, halikuwa kosa la mtu asiyependa. Alimpenda yule dume kuliko majirani wengine anaowasalimia, na mimi simlaumu kwa hilo.

Asubuhi ya Jumamosi akaenda kwa Ado. Ado ni Mborana, Mwislamu, mchinjaji wa bucha ya pale kwenye kona. Karimi alimtaka yeye ili majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi. Alikuwa ameshafikiria kila mtu, masikini.

"Habari ya asubuhi, Ado. Nakuhitaji nyumbani. Kuna dume."

"Dume gani?"

"Lokori."

Ado akaweka kisu chini.

"Mama Kanana, ile ng'ombe mzee anaimbia kila siku?"

"Ndiyo hiyo."

"Mzee anajua?"

"Ni ya kumshangaza. Wageni wake wanakuja leo."

"Mimi naona tungoje mzee. Mtu akiimbia ng'ombe, mimi nataka nisikie kwa mdomo wake."

Hapo ndipo hasira ilipomwingia Karimi. Mwanamke amelia tangu jana, amejikaza, ameamua, halafu mtu wa bucha anamwuliza mwenye nyumba ni nani.

"Na mimi ni nani, Ado? Mpangaji? Nimemlisha ile ng'ombe tangu ndama. Ukikataa nitaita mwingine, na nyama utakula kwa macho."

Ado akatazama chini. "Haya, mama. Ni nyumba yako."

Lokori hakusumbua. Hilo ndilo lililomkata Karimi. Alimfungua kamba, naye akamfuata kama siku zote, akidhani wanaenda mtoni. Alipoona watu wengi akasita, akapumua kwa nguvu. Karimi akamshika pembe, akamwimbia ule mstari wake, macho ya mtu anayekupenda lakini hawezi kutamka. Dume akatulia.

Kabla hawajamlaza, alimvua mkanda na kengele. Alitaka kumpa mumewe mbele ya wazee, kama heshima. Akautia kwenye mfuko wa aproni.

Zaidi ya hapo sisemi. Ado alifanya kazi yake vizuri.

Kufikia adhuhuri ua ulikuwa umejaa moshi na vicheko. Wanawake wale wale wa mfereji walikuja kusaidia, mmoja anakatakata vitunguu, mwingine anapeta mchele. Ngozi ilitandikwa chini karibu na choo, imenyooshwa kwa vijiti, mabaka yote yanaonekana. Karimi alijifunga kitambaa kipya kichwani. Machozi yalikuwa yamekauka, na sasa furaha ilimpanda. Alikuwa anafikiria uso wa Ekidor. Wazee wake wamekaa wote, sinia zinatoka, hakuna maharagwe.

Akaingia Natabo.

Natabo ni dada yake Ekidor, anakaa Ngaremara. Haji mjini ovyo. Siku hiyo aliwatangulia wanaume kwa sababu yeye alipanda gari na wao walishukia njiani ili waje kwa miguu wakiimba. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa na amevaa shanga zake zote.

"Mama Kanana! Habari ya hapa?"

"Nzuri, mama. Karibu, karibu sana. Wako wapi?"

"Wanakuja, wako karibu na daraja. Ndugu yangu leo ni kijana! Yuko wapi, kwanza nimsalimie?"

"Nani?"

"Lokori. Nimeletea yeye maziwa ya kumnyunyizia mgongoni."

Karimi akatabasamu, akamwonyesha sufuria kubwa kwa mwiko.

Natabo alitazama sufuria. Akatazama mgunga, akaona kamba tupu. Kisha akaona ngozi. Kibuyu kilimponyoka, maziwa yakamwagika miguuni mwake, na hakuyatazama.

"Umefanya nini?"

"Nimewapikia wageni wa..."

"Mama Kanana, umefanya nini?"

"Mbona unanitisha? Si dume la siku ya leo? Si ndiyo wanakuja kwa ajili yake?"

"Wanakuja kumwona! Kumwona, kumwimbia! Ile si ng'ombe, mama. Ile ni Ekidor. Umechinja ndugu yangu."

Wanawake waliokuwa na visu waliacha kukata. Karimi alisikia maneno lakini hayakuingia. Akauchovya mwiko tena kwenye sufuria.

"Ng'ombe ni ng'ombe, Natabo. Hata kwetu tunapenda mnyama. Tunampenda, halafu..."

"Sikiliza," Natabo alisema, na sauti yake ikashuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Baba yetu alikuwa na dume wake. Mwekundu. Wavamizi walipochukua ng'ombe, watu wote walikimbia wakaokoa roho zao. Baba aliona mwekundu wake anaenda, akafuata. Hakuwa na mkuki. Alifuata anaimba, wakamwua. Ekidor alikuwa mtoto, alijificha kwenye kichaka, aliona yote. Alipotoka akasema hataimba maisha yake yote. Emuria alipomletea ndama alikuwa anamwambia, toka kwenye kichaka. Ndiyo akatoka. Sasa wewe..."

Karimi akakaa chini pale pale, kwenye matope ya maziwa.

"Mbona hakuniambia? Mimi ni mke wake. Tumekunywa chai kila jioni. Mbona hakuniambia?"

"Aliona haya."

"Haya? Kwangu?"

"Kwako kuliko wote."

Jamani, mimi nimeandika mambo mengi ya huzuni kwenye gazeti hili, lakini neno hilo lilinifanya niweke kalamu chini. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, wanacheka pamoja, wanatunga wimbo mmoja, na kitu chenyewe hakijasemwa kwa sababu kila mmoja anamheshimu mwenzake mno.

"Nifanye nini, Natabo? Niambie. Nizike nyama? Nikimbie kwetu?"

"Sijui."

"Atakula?"

"Ale mwili wake? Hakuna hata mmoja wao ataonja. Toa hizo sufuria, mama. Funika hiyo ngozi. Halafu umngoje mlangoni umwambie mwenyewe, kabla hajaona. Mtu akiambiwa anaweza kukaa chini. Mtu akiona..."

Karimi akainuka. Aliinuka kweli, na nia yake ilikuwa kwenda mlangoni. Alifika katikati ya ua. Hapo ndipo akasikia.

Zilikuwa sauti nyingi kutoka barabarani, nzito, za wanaume wazima, na miguu ikipiga chini kwa pamoja. Juu ya zote ilikuwa sauti moja aliyoijua. Ilikuwa wazi, haina mkwaruzo wa saruji wala kikohozi. Tangu amjue Ekidor hakuwahi kumsikia akiimba hivyo, na hata yeye aliyekuwa anakaa naye kila jioni hakujua kwamba sauti ile ilikuwa mle ndani.

Majirani walitoka milangoni. Hakuna aliyecheka.

Katikati ya Kiturkana ukaja mstari wake. Macho ya mtu anayekupenda lakini hawezi kutamka. Wazee wa Ngaremara wakaupokea, wakaurudia kwa Kiswahili chao kizito, mara ya kwanza, mara ya pili. Wanaume ambao wengi wao hawakuwahi kumwona walikuwa wanaimba maneno ya Karimi katika barabara ya Bulla Pesa.

Kisha wakanyamaza wote pamoja. Karimi alijua kwa nini wamenyamaza. Ni pale mwisho.

"Lokori!" Ekidor aliita nje ya ukuta. "Lokori, uko wapi?"

Akangoja.

Ua mzima ukamtazama Karimi. Natabo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Sufuria ilikuwa inachemka, hicho tu ndicho kilichosikika.

"Lokori!" Sasa sauti ilipanda juu zaidi, na mwishoni ikakatika. Ekidor akakohoa. Kikohozi kile cha zamani, kikavu, kile cha kitandani, ambacho Karimi hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. "Lokori, uko wapi?"

Aliniambia hakuamua. Aliniapia, na mimi nimemwamini. Anasema alisikia kikohozi tu, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Kengele ililia.

Nje kulitokea kelele za furaha. Fimbo zilipigwa chini, mtu akapiga ukelele.

"Mmesikia?" Ekidor alikuwa anacheka kama mtoto. "Si niliwaambia? Hajawahi kukosa! Amenijibu! Emuria, umesikia? Twende, twende!"

Na miguu ikaanza kukimbia. Miguu ya mtu aliyekatazwa na daktari kukimbia.

"Umefanya nini tena, mama?" Natabo alinong'ona.

Mlango wa mabati ulitikiswa, mtu anatafuta komeo kwa haraka, anacheka, anaishiwa na pumzi, anaita jina. Ngozi ilikuwa bado haijafunikwa. Na Karimi alikuwa amesimama katikati ya ua na mkanda aliousuka kwa mikono yake, akiitikisa kengele, akiitikisa, maana alijua akiacha tu, mume wake atajua.